Noti Juu ya Mkeka: Safari ya Haydom Hadi Katesh

Tulitoka Haydom alfajiri, wauguzi wawili na akina mama watatu wa kanisa, tukiwa tumebanana katika gari la kukodi. Tulikwenda kutembelea kaya zinazopata ruzuku ya TASAF katika wilaya za Mbulu na Hanang, tuone zinakula nini. Tulibeba mabango ya lishe. Moja lilikuwa na picha ya tufaa. Tufaa, Haydom! Tulilikunja kabla ya kufika nyumba ya pili.

Wengi mnaufahamu Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini. Ulianza mwaka 2012, na kipindi chake cha pili kilizinduliwa mwaka 2020. Fedha zilipangwa kutolewa kila baada ya miezi miwili, na sehemu yake ilitegemea mtoto kuhudhuria kliniki au shule. Hapo mwanzoni ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya. Wako wanaosema fedha hizo huishia kwenye pombe. Sisi tuliketi jikoni na wenyewe, tukahesabu.

Mama mmoja, nje kidogo ya Haydom, alitupangia noti zake mkekani. Hizi za deni la unga dukani. Hizi za sare ya mtoto. Zilizobaki zilikuwa chache mno.

“Sista,” alisema, “kila kliniki mnaniambia tule mayai. Yai nikiliuza napata chumvi na kiberiti. Tukilila, jioni ugali hauna mboga yenye chumvi.”

Hatukuwa na jibu. Kwa kweli tulikuwa tumemhubiria mayai mwaka mzima.

Lakini nyuma ya nyumba mnafu ulikuwa umeota wenyewe penye samadi, na majani ya maboga yametambaa hadi mlangoni, huku mtoto wake wa miezi kumi na mmoja akinywa uji mweupe wa mahindi matupu. Mnafu, alituambia, ni mboga ya siku za njaa, mgeni hapewi. Tukaukaanga naye kwa mafuta kidogo, tukala wote, wageni tukiwa wa kwanza. Dagaa tuliwatwanga wakawa unga, kijiko kimoja kikaingia kwenye uji wa mtoto. Kopo moja lingemtosha kwa siku nyingi.

Naye alitufundisha jambo. Fedha zikitoka wakati wa mavuno, hununua maharage, huyachanganya na majivu yasibunguliwe, na watoto hula hadi masika. Zikichelewa, maharage huwa yamepanda bei, basi hununua unga tu. Hilo halimo katika bango lolote.

Basotu tulipita upesi, kati ya mashamba ya ngano na ziwa lenye samaki ambao bibi tuliyemtembelea huwaona wakipita kwenda mnadani. Yeye huishi kwa maziwa ya mgando ya jirani.

Jioni tulifika Katesh, chini ya Mlima Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yalishuka kutoka mlimani, yakaua watu na kufukia nyumba na mashamba. Mama wa mwisho alikuwa na bustani ya mchicha. Sasa ni mawe. Tulipoanza kufungua mabango alituuliza taratibu, “Mbegu hamkuja nazo?”

Hatukuwa nazo. Jumamosi iliyofuata tulirudi na mbegu, majembe mawili na vijana wa kwaya wa kuondoa mawe. Tumesafisha matuta matatu.