Taa Inayowaka Ikipenda

Taa ya injini ikiwaka moja kwa moja, hakuna mjadala: gari linakwenda gereji. Inayochosha ni ile inayowaka leo, kesho imezima, na siku ya kwenda kwa fundi inakaa kimya kama haijawahi kuonekana.

Familia moja ya Chumbageni, Tanga, iliishi nayo tangu masika yalipoanza. Gari lao ni Toyota yenye umri mkubwa kuliko binti yao wa darasa la sita, na ndilo linalopeleka watoto shule na kubeba mzigo wa duka la mama. Fundi wa kwanza alisema sensa ya oksijeni. Ikanunuliwa, ya mtumba, taa ikapumzika siku nne. Wa pili akabadilisha plagi na kuchomoa betri ili taa "isahau". Hela ya safari hiyo ilitoka kwenye bahasha ya ada, na hapo nyumba ikaanza kuwa na maneno.

"Baba watoto, tunatengeneza gari au tunabahatisha?" mama aliuliza. Swali la haki kabisa.

Kwenye magari mengi, taa hiyo hujizima yenyewe safari tatu mfululizo zikipita salama. Kosa lenyewe hubaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya gari kwa muda mrefu zaidi, mara nyingi pamoja na hali ya injini wakati ule: joto, mwendo, mzunguko. Anayechomoa betri kabla ya kupima kwa mashine amefuta ushahidi.

Mama akaweka daftari kwenye mfuko wa mlango. Mwandishi akawa binti, maana watoto hawapitwi na kitu kwenye dashibodi. Tarehe, saa, mvua au jua, gari limetoka kulala au limeshatembea. Baada ya wiki tatu kulikuwa na mistari tisa. Minane ilikuwa ya asubuhi, baada ya usiku wa mvua, gari likitetemeka kabla ya kufika barabara kubwa. Mchana wa jua, hakuna.

Fundi wa tatu alisoma daftari kabla ya kushika spana. "Mama, huu ni unyevu. Liacheni lilale hapa, nilipime likiwa baridi."

Asubuhi mashine ikataja silinda ya pili: inamisi. Akahamishia koili yake silinda ya tatu, akaweka ya tatu mahali pake. Kosa likabaki ya pili, kwa hiyo koili haikuwa na hatia. Alipoichunguza soketi ya waya, akakuta pini zina kutu ya kijani. Hewa ya chumvi ya pwani haichagui gari la Raskazone wala la Ngamiani. Soketi mpya ikaunganishwa, kwa gharama isiyofikia bei ya ile sensa.

Aliwaonya jambo moja. Taa ikianza kupepesa huku gari likitetemeka, daftari lisubiri: punguza mwendo, egesha pazuri, zima. Petroli isiyoungua hukimbilia kwenye ekzosi na kuunguza masega, na kuyanunua upya ni mzigo mzito. Taa nyekundu ya oili ndiyo haitaki hata kufika nyumbani.

Mvua kubwa zimeshapita mara mbili bila taa kuwaka. Bahasha ya ada bado ina pengo, na shule zinafunguliwa Julai. Sensa ya zamani, ambayo fundi wa tatu aliipima akaikuta nzima, imerudishwa mahali pake. Ile ya mtumba muuzaji amekataa kuipokea, ipo kabatini imefungwa kwenye gazeti.