Amplifaya Mbili kwa Spika za Babu

Akina mama wengi wakisikia habari za spika na amplifaya husema hayo ni mambo ya waume na vijana. Sisi wa nyumba hii tumejifunza kwamba sivyo. Chombo kinachokaa sebuleni, kikatumia umeme wa nyumba na fedha za nyumba, ni jambo la nyumba nzima. Yafaa baba na mama waketi pamoja na kulifahamu.

Spika zetu tuliachiwa na babu wa watoto wetu. Alizinunua mwaka 1971 alipokuwa masomoni Boston, Marekani, akazileta Dar es Salaam kwa meli. Ni za aina ya AR-3a, za kampuni ya Acoustic Research iliyoanzishwa mwaka 1954 na Edgar Villchur na Henry Kloss, katika mji wa Cambridge, jirani na Boston. Kabla yao, spika ya kutoa besi nzito ilihitaji sanduku kubwa kama kabati la nguo. Villchur alitumia sanduku dogo lililozibwa, na hewa iliyofungiwa ndani ikawa kama springi ya kuirudisha koni ya spika mahali pake. AR-3a ilitoka mwaka 1967. Ndani yake spika ya inchi 12 hutoa besi, kuba la inchi moja na nusu hutoa sauti za kati, na kuba dogo la robo tatu ya inchi hutoa sauti nyembamba.

Lakini kila jema lina gharama yake. Sanduku dogo lenye besi nzito hutaka nguvu nyingi. Tena spika hizi ni za omu 4, kwa hiyo huvuta mkondo wa umeme mara mbili ya ule unaovutwa na spika za omu 8. Amplifaya ya Babu, iliyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani, ilikwisha kufa zamani, na tulikuwa tukitumia nyingine ndogo.

Kuponya kwanza

Bibi, ambaye sasa ni mjane, alikuwa na desturi ya kusikiliza santuri za mumewe kila Jumapili alasiri. Kisha akaacha. Tulipomwuliza sababu, alijibu, "Wanangu, masikio yangu yamekwisha. Nasikia ngoma tu, maneno siyasikii." Tulihuzunika. Alianza kukaa chumbani peke yake, akisema hana haja ya kukaa na watu asiowasikia.

Fundi mmoja alitushauri tununue amplifaya mbili kubwa ili sauti ipande. Bei yake ilikuwa sawa na mabati ya kuezekea jiko la Bibi, ambalo lilikuwa likivuja. Tulisitasita. Zaidi ya hayo, kulikuwa na jambo lililotushangaza: tukinong'ona jikoni habari za sukari iliyokwisha, Bibi alikuwa akijibu kutoka chumbani! Masikio ya namna hiyo hayawezi kusemwa kwamba yamekwisha.

Basi tuliweka santuri, tukainamisha masikio mbele ya kila kuba. Makuba ya kati yalikuwa karibu kimya kabisa. Nyuma ya AR-3a kuna vifundo viwili vya kuzungusha, kimoja cha sauti za kati na kimoja cha sauti nyembamba. Tulipozungusha kile cha kwanza, spika ilikwaruza, kisha mwimbaji akatokea. Huu ni ugonjwa unaojulikana wa spika hizi: ndani ya vifundo huingia kutu, na sauti hufungwa njia. Maneno ya binadamu hutegemea sana sauti za kati. Ndiyo maana Bibi alibakiwa na ngoma tu.

Fundi mwingine alisafisha vifundo, akapima kapasita za zamani na kubadilisha zilizochoka, na akaweka ukingo mpya wa sponji kwenye spika za besi, maana sponji huoza kwa miaka. Gharama yote haikufika robo ya bei ya amplifaya zile. Bibi alirudi sebuleni. Alisikiliza upande mzima wa santuri bila kusema neno, kisha akauliza, "Kumbe si mimi?" Tukamjibu, "Hapana, Mama, si wewe."

Kugawana mzigo

Tangu hapo jamaa walianza kuja Jumapili, na nyumba ikijaa watu, amplifaya yetu ndogo ilizidiwa. Hapo ndipo shauri la amplifaya mbili lilipopata maana. Vijana wa kwaya walituazima moja iliyo sawa kabisa na yetu tuijaribu kwanza.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na kazi hii nayo hugawanywa. Nyuma ya spika kuna kipande kifupi cha chuma kinachounganisha sehemu ya besi na sehemu ya sauti za juu. Kikiondolewa, amplifaya moja hulisha besi, na ya pili hulisha makuba. Besi ndiyo inayokula mkondo mwingi. Ikiizidi amplifaya yake, amplifaya hiyo hukata vilele vya mawimbi ya sauti, lakini uharibifu huo haupiti tena kwenda kwenye makuba madogo, ambayo huungua upesi.

Ndugu msomaji, ukitaka kufanya hivyo, shika mambo haya. Usiunganishe kamwe amplifaya mbili wakati kile kipande cha chuma bado kipo, kwa maana zitasukumana na kuungua. Tumia amplifaya zinazokuza sauti kwa kiasi kimoja, ama sivyo besi itaimeza sauti ya mwimbaji. Angalia waya za chanya na hasi zisipishane. Tena usiunganishe pande mbili za amplifaya moja kwa mtindo wa daraja ili kupata wati nyingi kwenye spika za omu 4. Kila upande utauona mzigo kama omu 2, na amplifaya nyingi haziwezi kuustahimili.

Je, tulisikia tofauti? Kwa sauti ya kawaida ya jioni, hatukusikia tofauti ya kutajika. Nyumba ilipojaa, naam: besi ilikuwa imara, na sauti za juu hazikuchoma masikio. Kwa hiyo tulipatana. Mabati yalinunuliwa kwanza. Amplifaya ya pili tuliinunua baada ya miezi minane, iliyotumika, kwa fedha za kuku.

Wako watakaokuambia kwamba nguvu ikiongezwa, kila kitu kitapona. Amplifaya hukuza kile tu inachopewa, na spika iliyozibwa na kutu haifunguliwi kwa kupigiwa kelele. Kama kuna mzee nyumbani mwako anayesema hasikii, mpeleke apimwe masikio. Lakini siku hiyohiyo kipime na kile chombo anachokisikiliza.