Zamani Mbu Walikufa

Kwetu Bonga malaria haikuwa ugonjwa wa mwaka mzima. Tuko juu kidogo, kusini mwa mji wa Babati kwenye barabara ya Kondoa, na baridi ya Juni na Julai huwapunguza mbu bila msaada wa mtu. Homa ilikuwa na majira yake. Masika yakianza kukatika, mahindi yakitoa mbelewele na vidimbwi vikibaki kwenye nyayo za ng'ombe, watoto walianza kulala mchana. Mama akimkuta mtoto amelala saa nane hakuuliza mengi. Alimwekea mkono shingoni, kisha akaenda kutafuta hela ya zahanati.

Chandarua hatukuwa nacho. Jioni tulichoma mavi makavu ya ng'ombe karibu na mlango, moshi ukajaa ndani, tukalala tukikohoa. Ukiugua ulipewa klorokwini, chungu kiasi cha kutapisha, na wengi wetu ilituwasha mwili mzima. Nakumbuka kujikuna mgongo kwa gunzi la mahindi huku bibi akinisihi nisijichubue. Baada ya mvua za Elnino za 1997 na 1998, homa ilitoka kwenye majira yake ikaingia kila nyumba. Mwaka ule sitaki kuusimulia kwa urefu. Kila ukoo una jina la mtoto wa mwaka ule.

Mwaka 2001 serikali iliiondoa klorokwini kwa kuwa vimelea vya malaria vilishakuwa sugu. Ikaja dawa iitwayo SP, nayo haikudumu. Mwishoni mwa 2006 ikaanza kutolewa dawa mseto, ambayo tunaitumia hadi leo. Kwa hiyo habari ya dawa kushindwa na mdudu haikuwa ngeni kwetu. Tuliijua kwenye vidonge. Hatukuwahi kudhani kwamba mbu mwenyewe angeweza kufuata njia hiyo hiyo.

Chandarua cha kwanza nyumbani kilikuja kwa Hati Punguzo, mpango ulioanza 2004. Mama alikuwa na mimba ya mdogo wetu wa mwisho, akapewa karatasi kliniki, akaongeza fedha dukani na kurudi na chandarua cha buluu pamoja na pakiti ya dawa iliyoandikwa Ngao. Kukiloweka kulikuwa shughuli ya nyumba nzima. Maji yalipimwa, dawa ikamiminwa kwenye beseni, mama akavaa mifuko ya nailoni mikononi na kukikanda taratibu mpaka kikaloa chote. Kilianikwa kikiwa kimelazwa kivulini, sio juani, maana jua huila dawa. Maji yaliyobaki yalimwagwa chooni. Baba alisimamia hilo mwenyewe, kuku wasije wakayanywa.

Asubuhi ya kwanza tulikuta mbu wamelala sakafuni pembeni ya kitanda, miguu juu. Hatukuwahi kuona kitu kama kile. Mama aliwafagia akiimba. Lakini kilichomfurahisha zaidi ni kunguni. Walikufa kitanda kizima, pamoja na viroboto, na tukalala. Atakayeandika historia ya chandarua Tanzania asipoandika habari ya kunguni hatakuwa amezungumza na akina mama. Wengi walikipenda chandarua kwa sababu hiyo kabla ya malaria.

Na ni kunguni waliotoa taarifa mapema. Baada ya misimu kadhaa walirudi, wakawa wanatembea juu ya chandarua kilichotoka kulowekwa. Majirani walisema dawa ni feki. Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba watafiti walioko Muheza, Tanga, walikuwa wamechapisha mwaka 2002 habari za kunguni sugu katika nyumba zilizotumia vyandarua vyenye dawa. Laiti habari ile ingefika kwetu wakati ule! Tungejua kwamba kilichobadilika ni mdudu, na kwamba muuza duka tulimlaumu bure.

Baadaye vikaja vyandarua ambavyo havihitaji kulowekwa, dawa ikiwa imo ndani ya uzi wenyewe tangu kiwandani. Vingi vilitengenezwa Arusha, kwenye kiwanda cha A to Z, mwendo wa saa chache tu kutoka Babati. Kampeni ya kugawa vyandarua bure kwa kila sehemu ya kulala iliponifikia nilikuwa kijana niliyemaliza shule, nikawekwa kwenye kundi la kuandikisha kaya. Tuliingia nyumba za Wagorowa, Wambulu na Warangi, tukihesabu vitanda, ngozi na mikeka. Wazee walituuliza maswali makali, hasa kama dawa hiyo inadhuru macho ya mtoto. Nilijibu kama tulivyofundishwa, na nilikuwa naamini kila neno.

Sasa nirudi shambani, kwa sababu mambo haya mawili hatukuwahi kuyaweka meza moja.

Babati ni nchi ya mahindi na mbaazi, zikipandwa pamoja. Mahindi yakivunwa, mbaazi hubaki shambani, na zikitoa maua funza huingia kwenye maganda. Baba alivaa bomba la mgongoni na kupulizia, mstari kwa mstari, asubuhi kabla ya upepo. Dawa aliyoipenda ilikuwa Karate. Mahindi nayo, kabla ya kuingizwa kwenye magunia, yalichanganywa na unga wa Actellic Super ili dumuzi wasiyamalize. Bomba lilioshwa kwenye korongo, palipokuwa na maji. Kila mtu alifanya hivyo.

Sumu iliyomo ndani ya Karate inaitwa lambda-sihalothrini. Ndiyo ile ile iliyouzwa kwa jina la Icon kwa ajili ya kupulizia kuta za nyumba, na ndiyo iliyotumika Zanzibar kuanzia 2006 na Muleba kuanzia 2007. Unga wa mahindi ulikuwa na pemethrini, sumu iliyofumwa katika nyuzi za vyandarua vya Arusha. Zote ni ukoo mmoja wa pairethroidi, zilizoigwa kutoka kwenye sumu ya asili ya ua la pareto. Kwa hiyo kiluwiluwi wa mbu aliyezaliwa kwenye korongo la Bonga aliionja dawa ya chandarua kabla hajawahi kukiona chandarua.

Watu husema mbu ameizoea dawa. Sivyo hasa. Katika mbu wengi huwapo wachache waliozaliwa tofauti. Baadhi wana badiliko dogo kwenye neva, mahali sumu inapopaswa kushika, isishike. Wengine wana vimeng'enya vingi zaidi vya kuivunjavunja sumu mwilini kabla haijaua. Dawa inawaua wenzao, wao wanabaki kuzaa. Kwenye joto, yai huwa mbu kwa siku saba hadi kumi hivi, na hivyo msimu mmoja wa mvua una vizazi kadhaa. Mkulima anayechagua mbegu ya mahindi angefurahi kupata kasi hiyo.

Wakati mmoja walikuja watafiti na upawa mweupe wa mpini mrefu, wakawa wanachota viluwiluwi kwenye nyayo za ng'ombe na matuta. Niliwafuata kutwa nzima kwa udadisi. Waliwalea mpaka wakawa mbu kamili, wakachukua majike machanga, wakawaweka ishirini na watano kwenye kila mrija wenye karatasi iliyotiwa dawa, kwa saa moja. Kisha wakawahamishia kwenye mrija safi wenye pamba ya maji ya sukari na kungoja saa 24. Wakifa 98 au zaidi katika kila mia, dawa inafanya kazi. Wakifa chini ya 90, mbu ni sugu. Nilitazama waliokuwa wameanguka chini, nikahesabu kwamba wamekwisha. Kesho yake baadhi walikuwa wamesimama kwenye ukuta wa mrija. Nilihuzunika kuliko nilivyotarajia.

Mmoja wa watafiti wale alinieleza pia kwamba mbu anayetawala maeneo kama yetu, Anopheles arabiensis, hakatai damu ya ng'ombe na hang'ang'anii ndani ya nyumba. Hupenda madimbwi madogo yenye jua. Basi barabara ilipojengwa, kipande cha Mela hadi Bonga kilichokamilisha lami ya Dodoma na Babati na kuzinduliwa 2018, tulifurahi kwa haki, maana mgonjwa sasa anafika hospitali ya mjini upesi. Lakini mashimo ya kifusi yaliachwa wazi pembeni, yakajaa mvua, na hakuna aliyeulizwa. Mwaka 2017 Rais Magufuli alizitaka halmashauri zinunue viuadudu vya kibayolojia kutoka kiwanda cha Kibaha, bakteria wanaoua viluwiluwi majini na ambao hawana undugu na pairethroidi. Mashimo yale ndiyo mahali pake hasa.

Nchi haikukaa kimya. Pemba mbu walipogundulika kuwa sugu, Zanzibar ilibadili dawa ya kupulizia. Kanda ya Ziwa ilihamia kwenye Actellic ya kunyunyiza ukutani, binamu wa unga wetu wa mahindi. Muleba likafanywa jaribio la vyandarua vilivyoongezwa PBO, kitu kinachozuia vile vimeng'enya. Baada ya miezi tisa, waliokuwa na vimelea kati ya watoto waliopimwa walikuwa asilimia 29, wakati kwa vyandarua vya kawaida walikuwa 42. Kisha Misungwi: matokeo yaliyotoka 2022 yalionyesha kwamba baada ya miaka miwili, kwa vyandarua vyenye sumu nyingine iitwayo klofenapiri, watoto wenye vimelea walikuwa asilimia 25.6, na kwa vya kawaida 45.8. Hizo ni tofauti za watoto wanaocheza na watoto wanaolala mchana.

Manyara leo ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo zaidi nchini, na nasema wazi kwamba vyandarua vina sehemu kubwa katika hilo. Hata kikiwa na dawa iliyochoka, chandarua kizima bado ni ukuta kati ya mtoto na mbu. Ninachokililia ni kwamba tuliitumia sumu moja kitandani, ukutani, ghalani na shambani, kila idara kwa kalenda yake, kana kwamba mbu anasoma mabango ya wizara.

Na klofenapiri nayo ilianza kama dawa ya wadudu wa mimea. Ndiyo maana siku hizi nikienda mjini hupita maduka ya pembejeo na kuomba kusoma maandishi madogo ya kila chupa: jina la sumu, sio jina la biashara. Huandika kwenye daftari. Kijana mmoja wa duka aliniuliza kama mimi ni mkaguzi. Nikamwambia ni mkulima wa mbaazi wa Bonga. Akavuta kiti, tukaendelea kusoma pamoja rafu ya chini. Nakala ya daftari lile nimempa bwana shamba wetu na nyingine muuguzi wa zahanati, na nimewaomba wakae siku moja walinganishe majina.