Trela la miwa, bodaboda na kosa la kugawana

Msimu wa miwa ukifunguliwa Kidatu, matrela hutembea usiku kucha. Moja likikata springi, utingo anakata matawi porini, anayatandaza hatua chache nyuma ya trela, basi. Hakuna taa, hakuna kiakisi. Na tangu barabara ya Ifakara iwekwe lami, karibu kilomita 67, bodaboda wanakimbia kuliko enzi za vumbi. Matawi wanayaona wakiwa wameshayafikia.

Mtoto wa shangazi yangu aliligonga trela la namna hiyo karibu na Mang'ula. Alikuwa amepakia mishikaki, abiria wawili, hakuna aliyevaa helmeti. Mguu wake ulivunjika vibaya. Kituoni neno lilikuwa moja: kagonga kwa nyuma, kosa lake. Mwenye gari akatoa laki tatu za pole, wazee wakasaini karatasi, yakaisha.

Huku Uingereza ninakoishi, hukumu kama hiyo iliwahi kutolewa, lakini mwaka 1809. Butterfield alikuwa akikimbiza farasi jioni mjini Derby, akagonga mti ambao Forrester alikuwa ameuweka barabarani. Kwa kuwa alikwenda kasi, hakupata hata senti. Sheria ya 1945 ilifuta msimamo huo: anayedai akiwa na kosa lake, fidia inapunguzwa kwa kadiri ya mchango wake, hafukuzwi. Mwaka 1975, katika kesi ya Froom na Butcher, Lord Denning alitaja viwango kwa asiyefunga mkanda: anakatwa asilimia 25 kama mkanda ungezuia majeraha yote, 15 kama ungeyapunguza tu.

Tuseme hasara ya ndugu yangu ni shilingi milioni 20, na jaji akaona kosa lake ni asilimia 40. Angelipwa milioni 12. Helmeti isingemkata chochote kwa huo mguu, maana helmeti hailindi mguu. Na abiria wake wasingebebeshwa kosa la uendeshaji wake. Wangeulizwa tu waliyoyakubali wao wenyewe.

Kinachoniuma ni kwamba kanuni hiyo ipo Tanzania tangu 1955, leo ni Sura ya 310 ya sheria zetu. Hata bima ndogo, ambayo kila gari barabarani linalazimika kuwa nayo, imewekwa kwa ajili ya watu kama hawa. Ila kwetu mambo yanaishia kwa trafiki. Trafiki anaangalia nani ashtakiwe. Fidia ni dai lingine, la mahakama ya madai, na muda wake ni miaka mitatu, sawa na huku.

Sitaki kuudharau utaratibu wetu. Mwenye gari alifika hospitali, akakaa na wazee, akampa mgonjwa pole. Huku aliyekugonga huenda usimwone tena. Utaandikiwa barua na bima yake tu. Pole ipokeweni, ila msisaini kwamba madai yamekwisha. Chukueni PF3, pigeni picha matawi na nyuma ya trela kabla halijavutwa, andikeni namba ya gari na ya trela.

Karatasi ya ndugu yangu iko kwa wakili Morogoro. Saini zilizopo ni za wazee. Yeye ni mtu mzima, na siku ile alikuwa wodini Ifakara. Hajawahi kusaini kitu.