Makala, Paka Wetu, na Viroboto wa Nyumba



Ilikuwa siku ya tano jioni, mwezi wa pili mwaka 2023. Kikundi cha maombi cha mtaa kilikutana kwetu Likasi, watu 12 ndani ya salo yetu ndogo. Tuliimba, tukaomba, na pale nilipofungua Kitabu nikaona mama shemasi mmoja anainama kujikuna mguu. Kisha mwingine naye. Kisha kijana mmoja akapandisha suruali kidogo, akatazama soksi yake, na mimi niliona kile alichoona yeye: kitu kidogo cheusi, chembamba, kiliruka kikapotea. Siku ile mafundisho yalikuwa mafupi kuliko siku zote tangu nilipotoka Shule ya Biblia, na hakuna mtu aliyelalamika.

Wakati wa kuagana mama shemasi alinishika mkono akasema kwa upole, "Ba Pasta, muko na tunyama humu ndani." Juma lililofuata kikundi kiliomba kukutana pahali pengine. Sababu hawakuisema.

Mimi mwenye kosa nilimpata mara moja: ni paka.

Paka wetu anaitwa Makala. Si makala kama hii munayosoma, ni makala ya kupikia bukari, kwa kuwa ni mweusi kutoka pua mpaka mkia. Ni paka wa ndani, hatoki katika lupango. Tulifanya vile kwa kuwa wawili wa mbele yake walitufia vibaya. Wa kwanza alikula panya aliyekula sumu kwa majirani. Wa pili alitoka usiku mmoja na hakurudi tena, na munajua namna gani paka wanapotea katika mitaa yetu. Huyu wa tatu binti yangu wa miaka 11 alimleta akiwa mdogo wa kuenea katika kofia. Analala naye. Na unga wetu haujatobolewa na panya tangu alipofika.

Nilikuwa na wazo kama paka wa ndani hawezi kupata viroboto. Kwa hiyo nilipowaona nilikasirika, sawa mtu aliyedanganywa. Bibi yangu akasema, "Huyu paka atoke." Binti akalia. Mimi nikasema nitatengeneza jambo hili mwenyewe.

Nilikwenda sokoni kwa mtu anayeuza dawa mezani. Nikamwambia shida yangu, akanipa kichupa. "Ni ya imbwa, lakini kwa paka pia njo ileile," alisema. Kwenye kartoni kulikuwa na picha ya mbwa, na pembeni picha ndogo ya paka yenye mstari uliokatiza juu yake. Ile picha niliiona, ndugu zangu. Sitasema kama sikuiona. Nilijiambia kama mwuzaji anajua kazi yake, tena nilikuwa na haraka.

Asubuhi, watoto wakiwa shuleni, nilimkamata Makala nikamwaga kichupa chote juu ya mgongo.

Jioni masikio yake yalianza kurukaruka. Akatoa mate mengi. Miguu ikatetemeka, akaanguka, akawa anajikaza na kujinyosha kama mtu wa kifafa. Binti yangu alipiga magoti karibu naye, akanitazama. "Papa, Makala alikula nini?"

Nikajibu, "Sijui."

Alifikiri ni panya wa sumu tena. Na mimi nikamwacha afikiri vile.

Katika mtaa wetu kuna mzee mmoja aliyefanya miaka mingi kazi ya kutunza ng'ombe na wanyama wengine, watu wanamwita munganga wa nyama. Kijana wangu alikimbia kumwita. Mzee aliingia, akamwinua paka, akanusa mgongo wake, akauliza mbele ya watu wote, "Nani alimupaka dawa?"

Kulikuwa kimya. Nikasema, "Ni miye." Binti yangu hakusema neno. Aliinua macho, kisha akayashusha.

Mzee alisoma kartoni karibu na buji, kwa kuwa kuran ilikatika. Ilikuwa permetrini. "Ba Pasta," alisema, "paka si imbwa mudogo." Akatueleza kama ini la mbwa linaweza kuivunja dawa hii na kuitoa mwilini, lakini ini la paka halina nguvu ile, na hivi sumu inakaa ndani na kushika mishipa ya fahamu. Tulimwosha Makala kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, tukamsuuza, tukarudia. Si maji ya moto, si maji ya baridi. Bibi yangu alitaka kumnywesha maziwa, mzee akakataza: maziwa hayaondoi sumu hii, na mnyama anayetetemeka vile anaweza kusongwa. Tukamkausha, tukamfunika na kitambaa pahali pa giza na pa joto. Mzee akampiga sindano ya kulegeza misuli. Siku mbili Makala alikuwa katikati ya kufa na kupona. Siku ya tatu akanywa maji. Mzee aliniambia kama wengi hawafiki siku ya tatu.

Hapo ndipo aliponifundisha, na ningetaka kila nyumba yenye paka ama mbwa isikie.

Aliomba karatasi nyeupe. Akaiweka chini ya paka, akamchana na kile kichanuo cha chawa chenye meno ya kubanana. Vikaanguka vidonge vidogo vyeusi, sawa vumbi la makala. Akaweka matone ya maji juu yao. Karatasi ikageuka rangi ya damu. "Haya ni mavi ya kiroboto," alisema. "Ni damu ya paka wenu." Juu ya mnyama mweusi kama wetu usingeweza kuona kitu kwa macho tu, lakini karatasi haifichi. (Fanyeni kwenu. Ni dakika mbili.)

Kisha akanyanyua mto wa fotei yangu, ile ambayo wageni wanakalia, akanionyesha mshono. Kulikuwa na chembe nyeupe kama chumvi, na vidudu vidogo kama vipande vya uzi vikikimbia mwangaza. Alisema kiroboto jike anaweza kutaga mayai mpaka 40 kwa siku moja na zaidi. Mayai hayashiki katika manyoya, yanaanguka kila pahali paka anapolala na kupita. Vidudu vinatoka, vinaingia katika nyufa za saruji, chini ya tapi, ndani ya mishono, na vinakula yale mavi ya damu yanayoanguka kutoka kwa paka. Baadaye kila kimoja kinajifungia katika kifuko kinachojipaka vumbi, na humo kinageuka kiroboto. Wale wakubwa tunaowaona juu ya mnyama ni kama 5 tu katika 100. Wote wengine wako ndani ya nyumba.

Basi nilikuwa nimepigana na paka, na viroboto walikuwa chini ya fotei.

Nikamwuliza, namna gani basi waliingia, na paka hatoki? Mzee akacheka. Mbwa wa jirani analala mbele ya mlango wetu wa jikoni. Panya anayekamatwa na Makala anakuja na wake. Hata suruali yangu, nikitembelea watu nyumba kwa nyumba, inaweza kumleta mmoja. Tena mwezi wa kwanza tulikwenda Kolwezi kwa kilio, nyumba ikafungwa siku 16, Makala akabaki kwa yule jirani wa mbwa. Tuliporudi na kufungua mlango, soksi nyeupe za binti zilijaa alama nyeusi kabla hatujaweka mizigo chini. Sikuelewa siku ile. Kumbe kiroboto aliye tayari ndani ya kifuko anaweza kungoja, hata miezi, mpaka asikie nyumba inatikisika kwa miguu ya watu, na joto, na pumzi. Hapo wanatoka wote kwa pamoja, na njaa yao.

Katika Shule ya Biblia tulisoma namna Daudi alivyojiita kiroboto mbele ya Sauli, katika 1 Samweli 24, kuonyesha udogo wake. Tulipita haraka juu ya neno lile. Leo ningekaa hapo zaidi kidogo.

Kazi ilianza siku iliyofuata. Mashuka na vitambaa vyote ambavyo Makala analalia vilichemshwa kila juma. Magodoro juani, na kupigwa fimbo. Tapi ilitoka nje, haikurudi. Tulifagia kila siku, hata chini ya kabati ambamo ufagio haukufika tangu tuhamie, na vumbi lile tulilichoma, hatukulimwaga nyuma ya nyumba. Nyufa za sakafu tulizisugua na maji ya moto na sabuni, kisha kijana wangu akaziba kubwa kwa saruji. Usiku tuliweka beseni ya maji ya sabuni chini, na taa ndogo juu yake. Viroboto wanafuata mwangaza, wanaruka, wanazama. Usiku wa kwanza watoto walihesabu 31. Beseni haimalizi viroboto, lakini inakuambia ukweli.

Makala mwenyewe tulimchana asubuhi na jioni, na kichanuo tulikichovya katika maji ya sabuni. Alipopata nguvu, na mzee alipokubali, tulitumia dawa ya matone yenye fipronili, ile iliyoandikwa ya paka na kwa kipimo cha kilo zake, nyuma ya shingo pahali ulimi hauwezi kufika. Mzee alinikataza kabisa petroli, ambayo watu wengi hapa wanapaka wanyama. Paka anajilamba, kila kitu cha mgongoni kinaishia tumboni.

Juma la tatu viroboto waliongezeka. Bibi yangu alikaa chini akasema, "Tunatesekea bure." Lakini mzee alikuwa ametuonya: kifuko kile hakuna dawa inayokipenya vizuri, na wale walioko ndani ni lazima watoke kwanza. Anayeacha juma la tatu anaanza tena mwanzo. Tena ilikuwa majira ya mvua, na unyevu unawapendeza. Baridi kavu ya mwezi wa sita na wa saba inawapunguza, lakini hatukuweza kungoja mpaka pale.

Jambo lingine, wazazi, ambalo ninalisema upesi juu ya haya. Kitinda mimba wetu alionekana na vitu kama punje za mchele katika choo chake. Tulifikiri ni mchele. Ni mnyoo, tegu mdogo, ambaye mtu anaupata akimeza kiroboto bila kujua, na mtoto anayecheza chini na paka anaweza kummeza. Mganga wa dispansere alimpa dawa, ikaisha. Makala naye alikuwa na punje zilezile karibu na mkia, akapewa yake.

Ilibaki mbwa wa jirani. Kwenda kumwambia mtu kwamba mbwa wake ana viroboto si rahisi, hata kwa mchungaji. Nilizunguka siku tatu. Nilipokwenda, alicheka, akapandisha suruali kunionyesha miguu yake. "Ba Pasta, siye tulifikiri ni kwenu njo bilitoka!" Tukaosha mbwa wake pamoja, na ile dawa ya mbwa, wakati huu, ikapata mwenyewe.

Na kikundi. Siku ya tano moja nilisimama mbele yao, kwa nyumba ya mwingine, nikasema wazi: kwangu kulikuwa viroboto, mulikuwa na haki kuondoka, tunafanya kazi, na dawa gani ilitaka kuua paka wetu. Nilifikiri watatazama chini. Mama shemasi akasema, "Kumbe!" Kisha akauliza bei ya kichanuo. Watu watano walibaki nyuma kuuliza habari ya karatasi nyeupe.

Lakini kabla ya kusema kwa kikundi ilinipasa kusema kwa mtu mmoja. Ilikuwa juma la nne. Binti alikuwa amekaa jikoni na Makala magotini, anachana. Tangu usiku ule alinijibu kila nilipomwita, kwa heshima, na zaidi ya hapo hakuna. Nilikaa chini karibu naye, juu ya saruji.

"Ile siku uliniuliza alikula nini," nikasema. "Nilijua. Niliogopa, nikakudanganya."

Aliendelea kuchana kidogo.

"Miye nilijuaka, Papa," alisema. "Ulikuwa unanuka dawa ku mikono."

Hakuongeza neno. Akanisogezea bakuli ya maji ya sabuni niishike, kwa kuwa mikono yake ilijaa paka, na nikaishika mpaka alipomaliza upande wa pili.

Usiku wa jana watoto walikuta mmoja katika beseni. Kikundi kinarudi kwetu siku ya tano.