Asali ya Tabora Inaaminika Hamburg

Asali ikiingia Umoja wa Ulaya bila nafuu yoyote ya kibiashara hutozwa ushuru wa asilimia 17.3. Ya Tabora haitozwi hata senti, maana Tanzania imo katika mpango unaoruhusu nchi maskini zaidi kuuza huko kila kitu isipokuwa silaha, bila ushuru.

Karatasi ya kuipata nafuu hiyo ni fupi ajabu. Mzigo usiozidi euro 6,000, muuzaji anaandika mwenyewe kwenye ankara kifungu kimoja kilichopangwa na sheria, kwamba asali hii asili yake ni Tanzania. Anaweka majina, anuani na tarehe, basi. Hakuna muhuri. Mzigo ukizidi hapo, sharti awe amesajiliwa katika REX, mfumo wa Ulaya wa wauzaji waliosajiliwa, aandike na namba yake. (Vyeti vya afya vina adha zake, tuviache.)

Msidhani forodha ya Ujerumani ni ya wapole. Wanakuachia mzigo leo, lakini wana miaka mitatu ya kukurudia. Wakigundua asali ilichanganywa na ya nchi nyingine, ushuru wote unamwangukia aliyeagiza. Ndiyo maana waagizaji wa Hamburg huwapigia simu watu wa Tabora kabla kontena halijafungwa: kifungu umekinakili vilevile? Tarehe ipo?

Sasa njoo Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza 2005, na mama wa Arusha anayefuata sabuni iliyotengenezwa Kenya hapaswi kulipa ushuru wa forodha. Bila cheti cha uasili, bidhaa nyingi zilizokamilika hutozwa asilimia 25. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000, uliomo kwenye orodha ya pamoja, kipo cheti rahisi kinachotolewa palepale mpakani. Vyombo vya China vilivyonunuliwa Nairobi havihusiki. VAT nayo haifutwi, na hapo ndipo ugomvi huanza: mtu ana cheti mkononi, anadaiwa hela, anaamini kaibiwa.

Utaratibu wenyewe si mbaya. Tatizo ni kwamba lazima ujue upo, na wanaoujua vizuri kuliko wote ni wale vijana wa "nipe nikupitishie", ambao riziki yao ni wewe kutojua. Wengine hukimbilia njia za panya, wakaja kunyang'anywa mzigo ambao haukudaiwa ushuru tangu mwanzo.

Ikiwa Ulaya inampokea Mtanzania kwa maandishi yake mwenyewe, kwa asali ya euro 6,000, sisi kwa sisi tunashindwa nini kumwamini mwenye katoni nne za sabuni? Aandike, apite, na atakayedanganya aadhibiwe vikali.

Kwa sasa, dada yangu unayevuka Namanga, omba cheti hicho kwa maofisa wa forodha wa Kenya hapo mpakani. Ni bure. Usimlipe mtu.