Kuganda na Kukwama

Kwa zaidi ya miaka 30 nilisahihisha insha za wanafunzi na kuwakemea kwa kuchanganya maneno yanayokaribiana. Mwaka jana, nyumbani kwangu Tarime, kosa hilo nililitenda mwenyewe.

Kompyuta yangu ina diski mbili zinazoandikwa mambo yale yale, kila moja ikiwa kioo cha mwenziwe. Anayezifungamanisha si kifaa maalumu bali ni programu ya Linux. Humo nimehifadhi msamiati wa Kikuria na Kingoreme niliouandika nikiwasikiliza wazee wa Tarime na Serengeti. Wengi wao wamekwisha kufariki. Hakuna wa kumwuliza tena.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, alfajiri, kompyuta iligoma. Nilimpigia simu kijana niliyemfundisha zamani, sasa fundi mjini Mugumu. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwambia, "Mwanangu, kompyuta imeganda."

Akauliza, "Mwalimu, imeganda au imekwama?"

Nilitaka kucheka, kisha nikatafakari. Maziwa yakishaganda hayarudi kuwa mabichi. Gurudumu lililokwama lina tope linalolishika. Ukiliondoa tope, safari inaendelea. Nikatazama upya: kipanya kilisogea, saa ilitembea; faili tu ndizo zilizokataa kufunguka. Kumbe ilikwama, ikisubiri kitu.

Akanielekeza kusoma kumbukumbu za mfumo, nasi tukaliona tope. Jumapili hiyo ya mwezi ndiyo siku ambayo programu huzikagua diski zote mbili, tangu mwanzo hadi mwisho. Diski moja ilikuwa na sehemu mbovu. Diski za kawaida zikishindwa kusoma hazisemi. Huweza kurudia kujaribu kwa dakika mbili au zaidi. Linux husubiri sekunde 30 tu, kisha huilazimisha diski ianze upya. Katika mvutano huo kila kazi husimama. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Dawa ilikuwa kuiamuru diski ikiri kushindwa baada ya sekunde 7, ili programu ichukue maneno kutoka diski nzima na kuyaandika upya. Kwa diski isiyokubali amri hiyo, huongezwa subira ya Linux hadi sekunde 180. Baadaye nilinunua diski mpya badala ya ile mbovu.

"Mwalimu," akaongeza kijana, "kioo si nakala ya akiba. Ukifuta ukurasa kwa bahati mbaya, unafutika kote kuwili."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nami nilikuwa nikilala usingizi mnono miaka yote hiyo! Wiki ile nilinakili msamiati wote katika diski ya tatu, nikaipeleka kwa binti yangu Mugumu. Sasa maneno ya wazee yana makao mawili, na mwalimu wenu amepata alama moja ya msamiati kutoka kwa mwanafunzi wake.